DaVinci Resolve kwa wapiga video za harusi Nairobi: sifa yake ni rangi, faida yake ni utaratibu

Wapiga video wengi wa harusi hapa Nairobi huijua DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, kwa jambo moja tu, yaani rangi, na huifungua pale wanapotaka kuipamba picha ambayo tayari wameihariri kwenye programu nyingine. Baada ya kuitumia kwa kazi nzima ya harusi, kuanzia kunakili kadi usiku wa sherehe hadi kumkabidhi mteja filamu yake, nina maoni tofauti. Rangi zake ni nzuri kweli, lakini anayehariri harusi kwa malipo atanufaika zaidi na namna programu hii inavyomsukuma kupanga kazi, kulinda faili na kuzijua gharama zake. Tathmini hii inahusu toleo la bure pamoja na lile la kulipia liitwalo Studio, nami ninamwandikia mtu anayefanya kazi peke yake au na wasaidizi wawili watatu, mwenye kamera mbili, kinasa sauti na kompyuta moja ambayo ndiyo hiyo hiyo ya kuandikia ankara.

Programu hii hutengenezwa na Blackmagic Design, kampuni ya Australia iliyoinunua da Vinci Systems mwaka 2009. Kabla ya hapo mitambo ya da Vinci ilikuwa mali ya studio kubwa za filamu, na bei yake ilifika mamia ya maelfu ya dola. Leo toleo la bure halina tarehe ya kwisha, halichapi nembo yoyote juu ya video mradi usitumie vipengele vya Studio, na hutoa picha ya hadi pikseli 3840 kwa 2160 kwa fremu 60 kwa sekunde, kiwango kinachotosha na kuzidi kwa harusi yoyote niijuayo. Studio nayo huuzwa dola 295 za Marekani, ambazo kwa kiwango cha karibu shilingi 129 kwa dola ni takriban shilingi 38,000 kabla ya kodi, na ukishalipa umelipa: ufunguo mmoja, yaani namba ya leseni, hutumika kwenye kompyuta mbili, na hadi sasa kampuni haijawatoza wenye leseni chochote kwa matoleo mapya.

Mtu anaweza kuliona suala la bei kuwa dogo, lakini kwa biashara yenye msimu si dogo hata kidogo. Harusi zetu hujazana Agosti na Desemba, kisha Januari huja na karo za shule, kamati za harusi hunyamaza, na simu ya mpiga video hulia kwa nadra. Programu zinazolipiwa kwa mwezi, Adobe Premiere Pro ikiwa mojawapo, hukata pesa kwenye kadi Januari sawasawa na Desemba, tena kwa dola. Gharama inayolipwa mara moja wakati wa msimu mzuri ni rahisi kuigawa katika bei ya kazi kuliko gharama inayodai kila mwezi bila kujali kama kuna kazi. Wapo pia wanaopitishiana kwa flashi nakala zilizovunjwa ufunguo za programu za kulipia. Nashindwa kuelewa kwa nini mtu ahatarishe picha za harusi ya wenyewe kwa programu asiyojua imechanganywa na nini, ilhali toleo halali la Resolve lipo bure.

Kazi ya kwanza ambayo ningemwonyesha mgeni wa programu hii ni ya kunakili kadi. Kwenye ukurasa uitwao Media kuna kifaa kiitwacho Clone Tool, kimefichika kiasi kwamba wengi hukaa nayo miaka bila kukiona. Unakitajia kadi unayotaka kunakili, unakitajia diski mbili za kupokelea, nacho hunakili kwenda kote kuwili kwa mkupuo mmoja, kisha hukagua kila faili kwa kuilinganisha na ile iliyo kwenye kadi ili ijulikane kwamba hakuna kipande kilichoharibika njiani. Kuburuta folda kwa kipanya kutoka kadi hadi diski, kama wengi wetu tunavyofanya saa tano usiku tukiwa tumechoka, hakukupi hakikisho hilo: faili inaweza kuonekana imefika, ina jina lake na picha yake ndogo, lakini ikakwama katikati ya kiapo pale utakapoicheza wiki tatu baadaye, wakati kadi imeshafutwa na kutumika kwenye ruracio, sherehe ya mahari, la watu wengine. Kifaa hiki ni cha polepole na sura yake haivutii. Hata hivyo kinatosha kujengea sheria ya ofisi ambayo haihitaji mjadala: kadi haifutwi mpaka nakala mbili ziwe zimekaguliwa, na diski ya pili hailali nyumba moja na ya kwanza.

Jambo linalowachanganya wanaohamia hapa ni kwamba mradi wa Resolve hauhifadhiwi kama faili unayoiona kwenye folda. Unahifadhiwa ndani ya hifadhidata ya programu yenyewe, na ukitaka kuuhamisha ni lazima uutoe makusudi. Nililiona hilo kuwa kero, na bado ni kero kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta ya ofisini na ya nyumbani. Faida yake huonekana umeme unapopotea. Programu huhifadhi kila badiliko papo hapo, na ukiiruhusu kwenye mipangilio huweka pia nakala za akiba za mradi kila baada ya muda fulani, kwa hiyo stima inapokatika Umoja au Rongai katikati ya kazi, unaporudi unaikuta kazi karibu pale pale ulipoiacha. Kuwasha mpangilio huo, na kuelekeza akiba hizo kwenye diski tofauti na ile ya mfumo, ni jambo la kufanya siku ya kwanza kabla ya kuingiza klipu hata moja.

Siku hiyo hiyo ya kwanza rekebisha idadi ya fremu, yaani picha zinazopita kila sekunde. Resolve huanza na fremu 24 kwa sekunde, na ukishatengeneza taimulaini, ule mstari wa muda unaopangia klipu, mipangilio ya mradi haikuruhusu tena kubadilisha idadi hiyo kirahisi. Kenya umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo wengi hupiga kwa fremu 25 na kasi ya shata ya 1/50 ili taa za ukumbini zisipepese. Klipu za 25 zikiwekwa kwenye taimulaini ya 24 huonekana kustuka pale bibi harusi anapotembea kuelekea madhabahuni, na mteja asiyejua lolote kuhusu fremu atasema tu kwamba video "inakwama". Programu hukuuliza kama ubadilishe unapoingiza klipu ya kwanza yenye idadi tofauti, na dirisha hilo la swali ni la kusomwa, si la kufungwa kwa haraka.

Nije kwenye sauti, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha filamu ya harusi na mkusanyiko wa picha nzuri. Familia husamehe picha iliyotikisika. Haisamehi kutosikia baraka za nyanya. Resolve ina ukurasa mzima wa sauti uitwao Fairlight, ambao asili yake ni mitambo ya studio za sauti, na karibu wote umo kwenye toleo la bure. Kwanza kuna ulinganishaji: unachagua klipu za kamera na faili la kinasa sauti kilichokuwa mfukoni mwa bwana harusi, unaiambia programu ilinganishe kwa mawimbi ya sauti, nayo huzipanga zenyewe. Ili ifaulu, kamera nazo lazima ziwe zilikuwa zikirekodi sauti yoyote, hata ile mbovu ya kwenye kamera, kwa hiyo mazoea ya kuizima ili "isisumbue" yanapaswa kukoma. Kwenye ibada ndefu ya kanisani, ambapo kamera husimamishwa na kuanzishwa mara nyingi huku kinasa kikiendelea bila kukoma, kazi ambayo ingekula asubuhi nzima kwa kupatanisha midomo na maneno huisha kabla chai haijapoa.

Baada ya hapo kuna usafi. Mvumo wa hezi 50 unaoingia kupitia mitambo ya spika na jenereta huondolewa kwa kichujio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na kisawazisha sauti humrudisha mfawidhi wa sherehe kwenye kiwango cha kuvumilika baada ya yeye kuishika maikrofoni kama anayetaka kuimeza. Hema ni mtihani mkubwa zaidi kuliko kanisa. Upepo hupiga turubai, sahani za wapishi hugongana nyuma, na DJ huacha muziki ukiendelea chini chini wakati baba wa bibi harusi anazungumza. Kwa hali kama hiyo toleo la Studio lina kipengele kiitwacho Voice Isolation, ambacho huitenga sauti ya mtu na makelele yanayoizunguka, na hapa sitaki kutia chumvi: kikisukumwa hadi mwisho humfanya mzee asikike kama anaongea kutoka ndani ya pipa, lakini kikitumika kwa kiasi huokoa hotuba ambazo zingetupwa. Kwangu hiki peke yake kinakaribia kuhalalisha bei ya leseni. Hakiondoi wajibu wa kumvalisha bwana harusi kinasa chake na kuweka kingine karibu na spika kabla wageni hawajaketi.

Kuhusu rangi, ambayo ndiyo iliyoipa programu jina, nitazungumzia mambo mawili yanayogusa harusi za hapa. La kwanza ni ngozi. Kamera iliyoachwa ijipimie mwanga hukutana na gauni jeupe pepe, suti nyeusi na nyuso za kahawia iliyokolea, kisha hufanya uamuzi usiomfaa yeyote: ama gauni linaungua na kupoteza nakshi zake, ama nyuso zinazama gizani. Grafu ya mwangaza ya Resolve inayopanda kutoka 0 hadi 1023 hukuonyesha gauni liko wapi na uso uko wapi bila kutegemea macho yaliyochoka wala kioo cha bei rahisi. Karibu nayo kuna vektaskopu, mchoro wa duara unaoonyesha rangi zenyewe, ambao unaweza kuwekewa mstari wa rangi ya ngozi. Ngozi za binadamu, nyeusi au nyeupe, huangukia karibu na mstari huo huo, kwa kuwa kinachotofautiana sana ni mwangaza kuliko rangi ya msingi. Ukiisha kulijua hilo unaacha tabia ya kung'arisha nyuso za watu hadi ziwe za kijivu, tabia ambayo imeharibu filamu nyingi za harusi zetu kuliko kamera duni.

La pili ni mahema. Mpambaji akitandaza kitambaa cha rangi ya damu ya mzee juu ya vichwa vya wageni na jua la saa nane likapenya, kila uso chini yake hugeuka mwekundu, huku waliokaa ukingoni wakibaki na mwanga wa kawaida upande mmoja. Kwenye ukurasa wa Color kila rekebisho hukaa kwenye nodi yake, kisanduku kinachounganishwa na vingine kwa mfuatano, kwa hiyo unaweza kuondoa wekundu kwenye nodi ya kwanza, ukainua nyuso kwenye ya pili, na mtindo wa filamu nzima ukaukalisha mwisho bila kuvuruga yaliyotangulia. Klipu nazo hupangwa kwa makundi: za kanisani kundi lake, za picha za Arboretum kundi lake, za hemani kundi lake, na rekebisho la kundi hushuka kwa klipu zote mara moja. Anayeshughulikia klipu mia nne moja baada ya nyingine anauza siku zake bure. Jioni ikiingia, taa zikawa chache na kamera ikapandishwa unyeti wake kwa mwanga, picha hujaa chengachenga. Kipengele cha kuzipunguza kimo kwenye Studio pekee, na hapo ndipo mwenye toleo la bure atakapohisi ukuta.

Upungufu mkubwa wa programu hii ni njaa yake ya kompyuta. Kampuni yenyewe hupendekeza kumbukumbu ya GB 16 kwenye Windows, na GB 32 kwa anayetumia ukurasa wa Fusion wa michoro na maandishi yanayotembea, pamoja na kadi ya picha ya kujitegemea. Laptopu nyingi zilizotumika tunazonunua mjini hazifiki hapo, au zina kumbukumbu ya kutosha bila kadi ya picha. Dawa yake ni proksi, nakala nyepesi za klipu ambazo programu huzitengeneza yenyewe, unahariri nazo, kisha wakati wa kutoa filamu inarudi kwenye klipu za asili. Ziache zitengenezwe usiku na asubuhi utafanya kazi hata kwenye mashine ya wastani, ingawa ukurasa wa Color bado utakukumbusha umaskini wako. Jingine la kupima mapema ni faili za kamera yako: toleo la bure kwenye Windows hukataa baadhi ya faili za biti 10, zile zinazobeba rangi nyingi zaidi kuliko za kawaida za biti 8, hivyo lijaribu kwa klipu chache kutoka kamera yenyewe kabla ya kulipokelea kazi ya mtu.

Kuna sehemu ya biashara ambayo programu haiwezi kukufanyia, lakini inakurahisishia. Marekebisho ya mteja ndiyo yanayokausha faida ya wapiga video wengi, kwa sababu huja kwa matone kupitia WhatsApp, leo kutoka kwa bibi harusi, kesho kutoka kwa dada yake, wiki ijayo kutoka kwa mwenyekiti wa kamati ambaye hajajiona akihutubia. Ningeandika kwenye mkataba awamu mbili za marekebisho, mtu mmoja wa kuyaleta, na salio kulipwa kabla ya filamu kamili kutolewa, kisha maombi yote ningeyaweka kama alama za rangi kwenye taimulaini, nyekundu kwa lililoombwa na kijani kwa lililokamilika. Kabla ya kila awamu unanakili taimulaini na kuipa jina la tarehe, ili mteja akisema "ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi", na atasema, ile ya kwanza iwepo.

Ukurasa wa Deliver hupokea kazi nyingi kwenye foleni: filamu kamili, muhtasari wa dakika chache, hotuba peke yake, na kipande cha wima cha kuweka kwenye simu. Unazipanga jioni zikatoka usiku kucha. Kazi ikiisha, amri ya kuhifadhi mradi kwa kumbukumbu hukusanya mradi na klipu zake zote mahali pamoja, nawe unaweza kumwambia mteja kwa maandishi utaitunza kwa muda gani na baada ya hapo itafutwa. Mkataba huo huo ndio pa kuombea ruhusa ya kutumia vipande vyake kujitangaza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kuuchapisha uso wa mtu kwa ajili ya biashara yako bila idhini yake si suala la adabu pekee.

Kujifunza hakuhitaji pesa, ila kunahitaji uvumilivu. Blackmagic Design hutoa bure vitabu vyake rasmi vya mafunzo pamoja na klipu za mazoezi, ambavyo hupakuliwa kwenye tovuti yake. Ni vya Kiingereza, na programu yenyewe haina Kiswahili kati ya lugha zake. Ningeanza na kitabu cha uhariri kisha cha sauti, na cha rangi ningekiacha cha tatu, kinyume cha wanavyofanya wengi. Anayetoka Premiere ajiandae kwa majuma kadhaa ya kwenda polepole, na asihamie katikati ya msimu akiwa na harusi ambazo hazijakabidhiwa.

Kwa anayeanza, au anayepiga harusi moja moja kwa mwezi, toleo la bure linatosha, na pesa za leseni zingenunua kinasa sauti cha pili ambacho kitainua kazi yake zaidi. Anayepiga sherehe za jioni mara kwa mara, au mwenye kamera ambayo faili zake zimekataliwa, anunue Studio kwa malipo ya awali ya kazi yake inayofuata na aiandike kwenye vitabu vyake kama gharama ya biashara. Na anayefikiria kununua kamera ya Blackmagic iliyotumika amuulize muuzaji ufunguo uko wapi, kwa kuwa kamera zao za Pocket Cinema huuzwa mpya zikiwa na leseni ya Studio ndani ya boksi, na iwapo umeshaandikishwa kwenye kompyuta za mwenyewe wa kwanza, bei inafaa ishuke.